Mwongozo kamili: mtu akikwambia "Windows inakufa" au "Linux imefika", kagua hesabu kabla hujabishana wala hujatoa hela

Wakuu, naandika hii nikiwa dukani Moshi, jirani na soko la Mbuyuni. Kazi yangu ni kutengeneza na kuuza kompyuta za mtumba, kwahiyo haya mabishano ya Windows na Mac na Linux, yaani mifumo endeshi, ile programu mama inayoendesha kompyuta, nakutana nayo kila siku ya Mungu, asubuhi kwenye simu, mchana kwenye benchi hapo nje, jioni tena kwenye grupu. Zamani nilikuwa naona ni stori za vijana tu, wapige wapoe. Nilibadilika siku dada mmoja wa Majengo alipokuja na MacBook Air ya M1, mpya kwake, kainunua kwa milioni na ushee. Alikuwa amepata kazi ya kutunza mahesabu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye grupu lao kwa wiki mbili nzima watu walikuwa wanarushiana grafu kwamba dunia inahama Windows, akaamini, akanunua. Akatoa flashi kwenye pochi, tukaichomeka kwa adapta mana ile mashine ina matundu ya Type-C peke yake, tukabonyeza lile faili la .exe, yaani la Windows, la programu ya uhasibu ya ofisini kwao. Mac ikakataa kulifungua. Akaniuliza, "Kaka, sasa hapa inakuwaje?" Na mimi nikawa sina jibu zuri la kumpa, mana Mac za chipu ya M1 hazina Boot Camp, ile njia ya zamani ya kuweka Windows pembeni ilibaki kwenye Mac za Intel, na njia zilizobaki zinataka hela nyingine na hakuna uhakika programu itakubali.

Baadae nikaiomba ile grafu nikaiangalia. Haikuwa ya kughushi. Ilikuwa inajibu swali jingine kabisa, wala halikuwa swali la yule dada. Toka hapo kila nikiletewa dai la "fulani anaongoza soko" nalipitisha kwenye hatua hizi, na nimeona niziweke zote sehemu moja.

HATUA YA KWANZA: LIANDIKE DAI KWENYE KARATASI

Usianze kujibu. Chukua kalamu, andika dai kama lilivyosemwa, afu chini yake weka maswali manne: asilimia ya nini? ya wapi? ya lini? nani kahesabu na kahesabu kitu gani? Mimi naandika nyuma ya kaunta buku langu la kazi. Utashangaa, madai mengi yanaishia hapo hapo. Mtu kakwambia "Mac wana asilimia 15", unamuuliza ya wapi, hajui, unamuuliza ya lini, hajui, katumiwa na jamaa yake skrinishoti iliyokatwa juu na chini. Skrinishoti iliyokatwa kichwa cha grafu usiibishie kabisa, omba nzima kwanza. Na ukiombwa wewe, toa nzima.

HATUA YA PILI: TAFUTA "ASILIMIA YA NINI"

Hapa nitakaa kidogo, mana robo tatu ya ugomvi wote unatokea hapa. Asilimia ni kitu kugawanya kwa kitu. Watu wote wanaangalia cha juu, hakuna anaeuliza cha chini ni nini, na cha chini ndo kinaamua kila kitu.

Mfano mzuri kuliko yote naoujua ni wa mahakamani. Novemba 1999 Jaji Thomas Penfield Jackson wa Marekani alitoa matokeo yake kwenye kesi ya serikali dhidi ya Microsoft, wenye Windows. Kabla ya kutaja asilimia yoyote ilibidi kwanza aseme soko ni lipi, akasema ni soko la mifumo endeshi ya kompyuta zenye chipu za aina ya Intel. Mac za wakati ule zilikuwa zinatumia chipu za PowerPC kwahiyo zikabaki nje ya hesabu. Kwenye soko hilo akakuta Microsoft imekaa juu ya asilimia 90 kila mwaka kwa miaka kumi, na ile miaka ya mwisho mwisho angalau 95. Sasa angeweza kuishia hapo na watu wangesema kapendelea, kawatoa Mac makusudi ili namba iwe kubwa. Lakini akaongeza kwamba hata ukiwaingiza Mac, bado Microsoft ingekuwa juu ya 80 kwa mbali. Yaani kaonyesha hesabu kwa vigawanyo vyote viwili, msomaji ajionee mwenyewe kama uamuzi unabadilika. Mimi nikibishana na mtu natamani anifanyie hivo hivo.

Mfano wa pili ni wa Machi 2017. StatCounter, kampuni inayohesabu watu wanaingia mtandaoni kwa mfumo gani, walitangaza kwamba Android imeipita Windows, 37.93 kwa 37.91, na vichwa vya habari vikawa vikubwa dunia nzima. Hiyo ilikuwa matumizi yote ya intaneti, simu na tableti na kompyuta kwa pamoja. Mwezi huo huo, StatCounter hao hao, ukiangalia kompyuta peke yake Windows ilikuwa na kama 84. Kwahiyo jamaa mmoja anasema Windows ina 38, mwingine anasema ina 84, wote wana chanzo kimoja, mwezi mmoja, na wanatukanana. Hakuna muongo hapo. Na ona kitu kingine, Windows kushuka kwenye ile hesabu ya kwanza haina maana kwamba kuna mtu kaitupa kompyuta yake, ni mamilioni ya watu wameingia mtandaoni kwa simu na hawajawahi kushika kompyuta maishani. Ukichagua Tanzania kwa vifaa vyote Android inakuwa juu kwa mbali sana, na mtu akikuletea hiyo kama ushahidi kwamba "Windows haitumiki bongo" mpeleke ofisi yoyote ya hapa mjini aangalie mezani kuna nini.

Linux nayo ina utata wake. Februari 2024 StatCounter walionyesha Linux imepita asilimia 4 kwenye kompyuta za mezani na za mapajani, watu wakashangilia. Ila ChromeOS, mfumo wa Chromebook, zile laptopu za Google zinazotegemea sana intaneti, wanaiandika kando, na yenyewe imejengwa juu ya Linux. Na Android pia ndani yake kuna kiini cha Linux. Kwahiyo Linux ni 4, au ni zaidi ya 4, au ndo inayoongoza dunia, inategemea umekubaliana na mwenzio neno "Linux" linabeba nini. Kubalianeni kwanza.

HATUA YA TATU: JUA NANI KAHESABU, NA KASIMAMA WAPI

Ukisimama geti la KCMC ukahesabu watu wanaoingia utasema nusu ya Moshi inaumwa. Umehesabu sawa kabisa, ila umesimama getini hospitali. Takwimu za kompyuta zina mageti matatu makubwa.

Geti la kwanza ni kurasa za mtandao. StatCounter wana kikodi kidogo kimewekwa kwenye tovuti nyingi sana, zaidi ya milioni moja, kila ukurasa ukifunguliwa kinarekodi. Wanahesabu kurasa, sio watu. Mtu mmoja anaefungua kurasa mia kwa siku ana uzito wa watu mia wanaofungua ukurasa mmoja mmoja. Na kile kikodi kinajuaje unatumia nini? Kinasoma utambulisho ambao brauza yako inajitajia yenyewe. Fanya hivi sasa hivi: fungua Chrome, pale unapoandika anwani andika chrome://version afu utafute mstari wa User Agent. Ukiwa na Firefox andika about:support. Ukiwa kwenye Windows 11 utakuta imeandika Windows NT 10.0, sawa sawa na Windows 10, mstari huo hauzitofautishi hata kidogo, mpaka mhesabuji atumie njia nyingine ya kuuliza. Ukiwa na Mac mpya ya M1 au M2 utakuta imejiita Intel. Chukua simu yako ya Android ufanye hivo hivo, utaliona neno Linux na neno Android yamefuatana. Na iPad toka toleo la mwaka 2019 Safari yake inajitambulisha kama Mac ikifungua tovuti, kwahiyo mhesabuji asiyejipanga anaweza kuitia iPad kwenye kapu la Mac.

Nilimwonyesha hii kijana mmoja wa Chuo cha Ushirika ambae alikuwa mkali sana kwenye grupu, nikamgeuzia skrini akasoma mwenyewe huo mstari wa Windows 11 yake, akanyamaza kidogo afu akasema "kumbe inajiita kumi". Ndo mana nasema fungua uone kwa macho, kuliko kuambiwa.

Alikuwepo pia NetMarketShare, yeye alikuwa anahesabu wageni badala ya kurasa na anapanga uzito kwa nchi, kwahiyo namba zake zilikuwa tofauti na za StatCounter mwezi ule ule. Aliacha mwaka 2020. Grafu zake bado zinazunguka, angalia tarehe.

Geti la pili ni mauzo. IDC na Gartner, kampuni za utafiti wa soko, wanatoa ripoti kila robo mwaka, wanahesabu mashine mpya zilizosafirishwa kwenda sokoni. Gartner kwa miaka mingi kwenye hesabu zake za kompyuta haziingii Chromebook wala iPad, kwahiyo wakitofautiana na IDC usishangae, kila mmoja ana kapu lake. Ila kwa sisi wa huku kuna tatizo kubwa zaidi. Angalia mashine zilizopo mezani kwangu: HP EliteBook, Dell Latitude, ThinkPad, karibu zote zimetumika Ulaya miaka minne mitano ndo zikaja. Kwenye ripoti ya mauzo zilihesabiwa mara moja, kule, siku zilipotoka kiwandani. Zikifika Moshi hazihesabiwi tena na mtu wa mauzo. Zinaanza kuonekana tena siku zikiingia mtandaoni, kwenye geti la kwanza. Kwahiyo mtu akikuletea ripoti ya usafirishaji kukwambia Watanzania wanatumia nini, mwambie kwa heshima kwamba mashine zetu nyingi hazimo humo.

Geti la tatu ni tafiti za kuuliza watu. Steam, lile duka la magemu, kila mwezi wanachukua taarifa kwa hiari kuhusu mashine za wachezaji. Ni namba nzuri kwa mtu anaetengeneza magemu. Ila kuanzia mwishoni mwa 2017 Windows 7 ikaanza kupanda ghafla pale, lugha ya Kichina nayo ikapanda, mifumo mingine ikaonekana imeporomoka, watu wakatoa maelezo ya kila aina. Mei 2018 Valve wenye Steam wakasema kwa miezi saba walikuwa wanawahesabu kupita kiasi wateja wa intaneti kafe. Wakarekebisha na namba zikarudi. Miezi saba watu wamebishana kwa nguvu zote juu ya kitu ambacho hakikutokea.

HATUA YA NNE: FUNGUA NAMBA MWENYEWE

Hii haihitaji laptopu, simu inatosha na bando dogo. Ingia gs.statcounter.com. Ukurasa wa mifumo endeshi ukiufungua unakuonyesha vifaa vyote, dunia nzima. Nenda sehemu ya kubadilisha grafu, chagua kompyuta peke yake (wameandika Desktop, laptopu nazo zimo), chagua Tanzania, afu chagua kipindi kirefu, angalau miaka mitatu. Kuna sehemu ya kupakua namba zenyewe kama faili la CSV, lipakue, lifungue kwenye Excel au LibreOffice, ile programu ya ofisi ya bure.

Sasa tazama vitu viwili. Cha kwanza, mistari inaruka ruka kiasi gani? Nchi yenye kurasa chache zinazohesabiwa mstari wake unaruka juu chini bila sababu ya maana, kwahiyo ukiona mfumo fulani umepanda pointi tatu mwezi mmoja ukashuka mwezi unaofuata ujue watu hawajanunua mashine na kuzitupa ndani ya siku sitini. Cha pili, tafuta mstari ulioandikwa Unknown, yaani mashine ambazo hawakuzitambua. Mstari huo ukipanda mwezi ambao Windows imeshuka, basi kuna uwezekano mkubwa hakuna aliyehama, ni hesabu imeshindwa kusoma. Mimi ndo kitu cha kwanza naangalia siku hizi.

HATUA YA TANO: ASILIMIA NA POINTI

Fupi. Kutoka 2 kwenda 4 ni kuongezeka kwa pointi mbili, na pia ni kuongezeka kwa asilimia 100. Shabiki atakwambia ya pili, mpinzani atakwambia ya kwanza, zote ni sahihi. Na hii nyingine: tuseme mtaa wa Soweto una mashine 100, mbili za Linux. Mwaka unaofuata zipo 200, tatu za Linux. Watumiaji wa Linux wameongezeka, sehemu yao imeshuka toka 2 hadi 1.5. Mtu akisema "Linux inakua" na mwenzie akasema "Linux inashuka" wanaweza kuwa wanasoma karatasi moja.

HATUA YA SITA: USIRUKE KUTOKA KWENYE NAMBA KWENDA KWENYE SIFA

Namba ikishakuwa sahihi bado haijasema kipi ni bora. Toka Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye orodha ya TOP500 ni Linux, na hilo halimsaidii katibu muhtasi anaetaka kuchapa barua. Kuna na lile la "Mac haina virusi kwasababu ni wachache". Elk Cloner, moja ya virusi vya kwanza kabisa kusambaa kwenye kompyuta za watu wa kawaida, mwaka 1982, ilikuwa kwenye Apple II, kompyuta ya Apple ya kabla ya Mac. Na mwaka 2012 Flashback iliingia kwenye Mac zaidi ya laki sita, wakati huo Mac ni wachache tu sokoni.

HATUA YA SABA: JIKAGUE WEWE KABLA YA MWENZIO

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nimo. Mwezi mmoja niliamua kuandika kwenye kaunta buku mfumo wa kila mashine inayoletwa dukani. Mwisho wa mwezi Linux zilikuwa nyingi kuliko Mac. Ningeweza kupiga picha ule ukurasa nikaurusha kwenye grupu, "Linux imeipita Mac Moshi", na mwandiko upo, tarehe zipo. Ila nikakaa nikafikiria. Zile Linux nyingi nimeziweka mimi mwenyewe, zikileta shida zinarudi kwangu. Mwenye Mac anajua sina vipuri vyake, anapeleka Arusha au Nairobi. Kaunta buku langu linahesabu wateja wangu na mikono yangu. Kwahiyo kabla hujatuma namba, jiulize unapata nini ikiwa kweli. Unauza? Umenunua juzi na unataka kuambiwa umefanya vizuri? Sema wazi kwenye ujumbe, "mimi nauza hizi mashine, lakini namba ni hii", watu watakuheshimu zaidi.

HATUA YA NANE: NAMNA YA KUJIBU

Nimeandaa ujumbe ambao naubandika, uchukue uubadilishe utakavyo: "Ndugu yangu, asante kwa grafu. Naomba nione na kichwa chake. Hii ni vifaa vyote au kompyuta tu? Ni dunia au Tanzania? Inahesabu kurasa, mauzo mapya au watu waliojibu? Nikijua hayo nitakuambia kama nakubaliana." Tuma mara moja. Akikujibu kwa namba, endelea. Akikujibu kwa matusi au kwa "we ni shabiki tu", acha, usiongeze neno, mana kuna watu kumi wanasoma kimya na hao ndo wanaoenda kununua. Kama kosa ni la kwako sema "nilikosea, nilisoma vifaa vyote" na ufute ujumbe wa kwanza, usiuache unazunguka.

HATUA YA MWISHO: RUDI KWENYE HELA YA MTU

Wiki iliyopita alikuja mwalimu wa sekondari moja ya njia ya Kibosho, mtu mzima, nikamwamkia akaitikia marahaba akakaa. Shule ina mashine 20 za EliteBook 840 G3 na kaambiwa na mwanae aliyepo Marekani kwamba shule za huko zimejaa Chromebook, auze hizi anunue hizo. Nikachukua kaunta buku tukaanza. Ya wapi? Ya Marekani. Ya nani? Ya shule zenye intaneti muda wote. Shuleni kwao bando linanunuliwa kwa mwezi na likiisha limeisha. Na kila Chromebook ina tarehe yake ya kuacha kupokea masasisho, za mtumba nyingi tarehe hiyo ipo karibu.

Afu nikamwambia tatizo lake la kweli, ambalo halipo kwenye grafu yoyote. Zile G3 zina chipu za Intel za kizazi cha sita, na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Nikamuuliza, "Mwalimu, unafundishia nini?" Akaandika mwenyewe kwa mkono wake: Word, Excel, Access, kuchapa. Tukapiga mstari chini ya Access, ile programu ya hifadhidata, mana hiyo ni ya Windows tu. Wanafunzi wanaosoma Access kwa wakati mmoja hawazidi nane. Basi mashine 8 zitabadilishwa ziwe za kizazi cha nane zikae na Windows 11, na 12 zilizobaki tunaziwekea Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na LibreOffice, hazihitaji kununuliwa kitu. Kaondoka na ile karatasi kuipeleka kwa mkuu wa shule, na zile 12 anazileta Jumatatu kwa Noah.